Asante kwa Ajili ya Semahoro

Kashojwa, Nakivale
14 Juni 2009

Dada yangu mpendwa Nyirabizimana,

Nakusalimu kwa jina la Bwana wetu, wewe na wote wa nyumbani kwako huko Bijombo. Habari za siku nyingi? Natumaini barua hii itakukuta na afya njema, na kwamba ule mguu uliokusumbua wakati wa masika umepata nafuu. Sisi huku hatujambo. Uwizeye, mke wangu, anaendelea vizuri na anakusalimu sana. Watoto wanakua na wanakula kuliko shamba linavyotoa. Mvua ilikatika mapema, mahindi yamekauka yakiwa bado mafupi, lakini maharage tumevuna kiasi, na mbuzi wetu amezaa mapacha. Kanisa letu limeezekwa mabati upande mmoja. Upande wa pili bado ni turubai, na upepo ukivuma wanaokaa huko hawasikii mahubiri. Nimegundua wapo wanaochagua kukaa huko.

Namsalimu pia binti yako Kantengwa, ambaye najua ndiye anayekusomea. Kantengwa mwanangu, soma polepole, na usiruke mstari hata mmoja ukiona mjomba wako anajiaibisha. Mama yako anastahili kusikia yote.

Dada, ujumbe wako ulinifikia. Aliniletea Gasore, mmoja wa wale wachungaji wa ng'ombe waliokamatwa pamoja na mwanao na ambao sasa wako huru. Alisema aliwapigia simu akawapa habari kwamba Semahoro ametoka gerezani, na kwamba mlipiga vigelegele mpaka simu ikakatika. Alisema Jumapili iliyofuata ulisimama kanisani ukatoa shukrani, umefagia nyumba yake, na unataka kujua atafika siku gani na kwa njia ipi, ya Uvira au ya kuzunguka, ili watu waende kumpokea.

Semahoro hajatoka, dada yangu. Yuko gerezani Mbarara mpaka leo ninapoandika. Ni mzima, nilimwona kwa macho yangu, lakini hajatoka. Gasore hakukudanganya kwa kusudi, alikupa alichokisikia. Ningeweza kupiga simu kukwambia, lakini simu ya kwenu ni ile ya mwalimu, ambayo mtu hupanda nayo kilimani kutafuta mtandao akiwa amezungukwa na nusu ya kijiji. Jambo hili si la kupigiwa kelele kilimani. Nimeona heri nikae chini nikuandikie, na nikueleze tangu mwanzo, maana najua hukuwahi kuelezwa vizuri hata alivyokamatwa.

Unakumbuka nilikwambia kwamba Semahoro alipata kazi ya kuchunga ng'ombe za tajiri mmoja wa Ngarama. Malisho ya Ngarama yanashuka mpaka kwenye mpaka wa nchi hii na Tanzania, na mpaka wenyewe ni mawe tu yaliyopandwa zamani, mengine yamemezwa na nyasi. Miaka miwili yote nchi hizi mbili ziligombania mawe hayo. Hawa wakisema jiwe lilisogezwa kuja huku, wale wakisema lilisogezwa kwenda kule, na askari wakaja wakapiga kambi pande zote mbili, wakawa wanaangaliana. Ng'ombe hawakuambiwa. Waliendelea kufuata majani.

Agosti mwaka jana wakakamatwa wachungaji saba kwa siku moja, wote watu wetu wa hapa kambini, pamoja na mifugo yao. Wakashtakiwa kwamba wamelipwa kusogeza mawe. Hebu fikiria, Semahoro wako, ambaye ukimtuma kuchota maji anasimama njiani kumsifia ndama wa jirani, ndiye wa kuhamisha mpaka wa nchi! Ningecheka kama si yaliyofuata. Wale sita walikuwa na karatasi zao za ukimbizi mfukoni. Semahoro hakuwa nayo. Karatasi yake ilikuwa hapa, ndani ya sanduku langu la bati, kwa sababu mimi nilimwambia aiache, mvua ya porini isije ikaiharibu. Basi akaandikwa mtu asiyejulikana kwao. Wakubwa wa huku wakasema huyu ni wa ng'ambo. Wa ng'ambo walipoletwa kumwona wakasema huyu si wetu. Nilipopeleka ile karatasi baada ya siku tatu, ikiwa safi, bila tone la maji, nikaambiwa kesi imeshaandikwa, na aliyeandika amehamishwa.

Tangu siku hiyo, dada, nimekuwa mtu wa kuzunguka. Ili nitoke kambini nahitaji ruhusa, na ruhusa inatolewa Base Camp, kwenye ofisi kuu ya kambi, siku mbili kwa juma. Naipata, natembea mpaka Rwekubo, napanda taksi, nafika Mbarara, naelekezwa ofisi fulani. Ofisi hiyo inanirudisha Base Camp nikalete barua. Barua nikiipeleka, ruhusa imekwisha muda. Niliandika barua nne, mbili kwa Kiswahili, mbili nikasaidiwa Kiingereza, nikazigawa katika ofisi nne. Hakuna iliyojibiwa. Wewe unajua nilivyo. Kutwa nzima kazi yangu ni ukalimani, natafsiri maneno ya watu wengine, mtu akilia nalia kwa lugha nyingine, na watu wanasema Nehemiya ana mdomo. Kwa ajili ya mtoto wa dada yangu mdomo huo haukufungua hata dirisha moja.

Mwezi wa kwanza wakaja wapatanishi. Mkubwa wao alikuwa balozi mstaafu kutoka nchi ya tatu. Jina lake siliandiki, kwa sababu barua hufunguliwa njiani. Ni mzee mwembamba, mpole, anayemenya chungwa lake mwenyewe wala hangoji amenyewe. Walikaa na pande zote karibu miezi minne. Waliutembea mpaka wote kwa miguu, jiwe kwa jiwe, na mimi nilikuwa mmoja wa wakalimani, kwa hiyo nakwambia nilichokiona. Mzee yule alikuwa akiwauliza wachungaji majina ya ng'ombe zao na kuyaandika kwenye daftari. Nikampenda. Hata sasa sina neno baya juu yake.

Mwezi wa nne wakatia sahihi. Mawe yakarudishwa mahali pake, malisho yakaruhusiwa kutumiwa na pande zote wakati wa kiangazi, na ikaandikwa kwamba watu wote na mifugo yote iliyokamatwa kwa sababu ya ugomvi ule irudishwe kwa wenyewe. Zikatoka orodha mbili, moja ya huku na moja ya ng'ambo. Wale sita wakatoka. Ng'ombe wakatoka. Dada, hata ndama aliyezaliwa wakati mama yake yuko kizuizini aliandikwa kwenye orodha, rangi yake na jinsia yake. Semahoro hakuandikwa kwenye orodha ya huku wala ya ng'ambo, kwa kuwa kila upande ulimhesabu ni wa mwenzake. Nilizisoma zote mbili mara tatu, kisha nikatoka nje nikaketi kwenye majani kwa muda.

Ndipo ikatangazwa sherehe ya kuwashukuru wapatanishi. Serikali zote mbili zingehudhuria, ukumbini Mbarara, tarehe ishirini na tatu Mei. Kambi yetu nayo ikaombwa kupeleka neno la shukrani, kwa kuwa waliofunguliwa walikuwa watu wetu. Nikachaguliwa mimi kulisema. Karatasi ya kusoma niliandaliwa na ofisi; ukurasa mmoja, wenye maneno mazuri ya amani na ujirani mwema, na ndani yake jambo la wale sita. Nikamwomba mkubwa wa maandalizi aniruhusu niongeze mstari mmoja juu ya Semahoro. Akaniambia, bila ukali, kwamba siku ya shukrani si siku ya malalamiko, na mgeni haalikwi ili atwishwe mzigo. Sherehe ikiisha niandike barua. Nikamwambia nimeshaandika nne. Akasema basi niandike ya tano.

Siku hiyo ilikuwa nzuri sana, siwezi kusema uongo. Mahema meupe, bendera tatu, viti vya plastiki mpaka nje, soda kwa kila mtu. Akina mama wa Kashojwa walicheza kwa mikono iliyonyooshwa kama pembe za ng'ombe, jinsi mlivyokuwa mkicheza ninyi, na Balozi akasimama akapiga makofi mpaka mwisho. Nilisoma ukurasa wangu vizuri. Na pale jukwaani, mbele ya wakubwa wa nchi mbili na watu wa redio, ikasemwa kwamba waliotoka si sita bali saba, na kwamba Semahoro mwana wa Nyirabizimana amerudishwa kwa watu wake. Watu wakashangilia. Gasore alikuwa kiti cha nyuma. Alidhani Semahoro ametolewa asubuhi ile ile, kwa mlango mwingine, na hakungoja kuuliza. Akatoka nje na simu yake akakupigia. Hivyo ndivyo habari ilivyokufikia.

Alhamisi iliyofuata nikapata ruhusa, nikaenda gerezani. Askari wa mlangoni alinikatalia chakula nilichobeba, akasema mtu huyo redio imesema ametoka. Nikamwomba atazame ndani. Akaenda, akarudi akikuna kichwa, akaniambia yumo. Wakamleta. Dada, mwanao amekonda lakini anasimama wima. Kumbe redio ile walisikiliza hata huko ndani. Waliposikia jina lake wafungwa walimbeba juu wakamwimbia. Na humo kuna desturi yao, kwamba anayetoka hatoki na kitu, huwaachia wanaobaki. Semahoro akagawa vyake vyote pale pale. Blanketi alimpa mzee mmoja mwenye kikohozi, sahani akampa mwingine, kandambili mwingine. Kisha akaketi karibu na mlango akingoja kuitwa. Aliketi siku hiyo yote na kesho yake.

Aliponiona aliniambia, “Mujomba, vitu vyote nilishagawia batu. Sasa ntasema nini, banirudishie?” Nikamwambia aombe blanketi lake. Akasema yule mzee sasa analala vizuri, yeye hawezi. Unamjua, hata utotoni hakuwahi kunyang'anya kitu alichokwisha kutoa. Nilivua koti langu nikampa kupitia kwa askari, na Uwizeye amempelekea blanketi jingine juma lililopita, kwa hiyo usihuzunike kwa baridi.

Kutoka hapo nikaenda ofisi inayoshughulikia mapatano yale. Nikamweleza afisa kwamba mtu wa saba hajatoka. Alikuwa na magazeti mezani, picha ya sherehe iko juu. Akaigonga kwa kidole akaniambia, “Nyinyi mulishasema asante mbele ya wakubwa. Sasa munataka kitu gani ingine?” Nikamwambia nataka mtu. Akasema faili la watu waliokamatwa limefungwa, saba kwa saba, na anayelifungua sasa anaonekana anachokoza ugomvi uliokwisha. Alisema hivyo akiniangalia kwa huruma kidogo, na huruma hiyo iliniuma kuliko kama angenifukuza.

Sasa, dada, nimefika mahali nilipokuwa nikipaogopa tangu mstari wa kwanza. Nimeandika kwamba ilisemwa jukwaani. Nimezungukazunguka, sikukwambia ni nani aliyesema. Ni mimi.

Hakuna aliyenituma. Karatasi ya ofisi haikuwa na jina la Semahoro. Niliimaliza kuisoma, nikaikunja, nikaiweka mfukoni, nikachukua fimbo kwa mmoja wa wachezaji. Nikasimama mbele ya Balozi kama mtu wa kwetu anavyosimama mbele ya aliyempa ng'ombe, nikaapa kwa jina lake mara tatu. Nikasema, huyu ndiye aliyenirudishia Semahoro mwana wa Nyirabizimana. Nikasema kwa sauti ile ya baba.

Wewe ni mkubwa kwangu, unakumbuka kuliko mimi ile siku ya arusi ambapo baba yetu Rwakabuba alimpata yule ng'ombe wetu Gaju. Hatukuwa na ng'ombe hata mmoja, kifo cha mifugo kilikuwa kimetumaliza. Baba akasimama katikati ya wageni, mbele ya yule tajiri mwenye makundi mawili, akamshukuru kwa mtamba ambaye hakuwa amepewa. Akaapa kwa jina lake mara tatu, akamsifu yule mtamba rangi na pembe, wageni wakapiga makofi, akina mama wakapiga vigelegele. Tajiri akatazama huku na huku. Angesema nini? Mtu ameshashukuriwa mbele ya watu, atasemaje kwamba hakutoa? Kabla ya jua kuzama Gaju alikuwa zizini kwetu, na maziwa yake ndiyo yaliyotukuza mimi na wewe. Kwa miaka yote nimeisimulia hadithi hiyo nikijivuna. Watoto wangu wanaijua kwa moyo.

Basi nikafikiri, barua zimeshindwa, milango imeshindwa, sasa nitafanya kama baba. Nitamshukuru mzee huyu mbele ya wakubwa wote, ataona aibu, na kabla ya jua kuzama atapiga simu na Semahoro atatoka. Sikutaka kudanganya mtu, dada. Nilitaka kumfunga Balozi kwa shukrani. Nilimjua kuwa mtu wa haya, nikaona haya yake itatusaidia.

Lakini yule tajiri wa arusini alijua kwamba mtamba bado yuko kwake. Balozi hakujua. Aliposikia jina, akainama kwa msaidizi wake, wakafungua faili, wakaonyeshana karatasi. Mzee akavua miwani, akafuta macho. Kisha akaja akanikumbatia mbele ya kamera. Akashika kipaza sauti akasema amefurahi kuliko siku zote za kazi ile, maana sasa hakuna aliyebaki nyuma, na shughuli yao imekamilika. Alisema kwa Kiingereza. Na nani aliyatafsiri maneno hayo kwa watu? Mimi. Nikiwa bado na fimbo mkononi nikasema kwa Kiswahili safi kwamba hakuna aliyebaki nyuma. Nilijua kuna kitu hakikwenda sawa, lakini nikajiambia ni hivi hivi tu anavyokubali mtu wa kizungu-kizungu, ngoja jua lizame. Siku tatu baadaye Balozi na watu wake wakaondoka kurudi kwao.

Kuna jambo moja zaidi, na hili nimelijua juma lililopita tu. Pale ofisini yuko karani mmoja, mama wa Kinyankore, mwenyeji wa huku, ambaye alikuwa akipanga makaratasi ya wapatanishi. Aliniona nimeketi koridoni siku ya tatu mfululizo, akanivuta pembeni. Akaniambia kwamba mojawapo ya barua zangu nne ilifika. Ilifika mikononi mwa Balozi mwenyewe juma moja kabla ya sherehe. Alikuwa ameiandikia pembeni kwa mkono wake, “mtu wa saba?” na alikuja nayo ukumbini. Alikuwa amepanga kwamba baada ya hotuba, wakati wa chai, angewakalisha wakubwa wa pande zote mbili na kuwauliza huyu mtu yuko wapi. Hiyo ndiyo karatasi niliyowaona wakionyeshana. Baada ya mimi kushukuru, msaidizi akaipiga mstari.

Nimeiandika sentensi hiyo na kuiacha kalamu mezani kwa muda. Uwizeye amekuja akanitazama, akarudi jikoni. Dada, mtu huyo alikuwa amebeba mkononi mlango wa Semahoro, umeshafunguliwa nusu, na mimi niliusukuma ukafungwa kwa asante. Kama unataka kunilaani, laani. Kantengwa, soma na hiyo.

Sasa nikwambie nilichofanya na ninachokuomba. Jumatatu nilirudi kwa yule afisa nikasema nilisema uongo. Akaniuliza kama naelewa ninachosema, maana hii ni aibu kwa serikali mbili. Nikasema naelewa. Akanipa karatasi nikaandika kwa mkono wangu kwamba mimi, Nehemiya mwana wa Rwakabuba, nilitoa shukrani kwa kitu ambacho sikupokea, na nikatia sahihi. Kesho yake niliitwa Base Camp nikaambiwa kazi ya ukalimani nimeachishwa, na ruhusa ya kutoka kambini sitapewa mpaka jambo langu lichunguzwe. Kwa hiyo sasa yeye yuko ndani kule, nami niko ndani huku. Sikulalamika. Watu wengine hapa wameacha kunisalimu, wanasema nimelichafua jina la kambi kwa wageni. Gasore bado ananisalimu.

Lakini sahihi yangu haikutosha. Afisa alisema, na siwezi kumlaumu, kwamba mtu aliyesema uongo mara ya kwanza hana wa kumwamini mara ya pili. Yule mama karani ndiye aliyenipa njia. Alisema apatikane mtu wa damu ya Semahoro ambaye hakushukuru mbele ya mtu yeyote wa mapatano, aseme kwa maandishi kwamba mtoto wake hajarudi, yenye muhuri wa mkuu wa kijiji na wa kanisa. Karatasi hiyo ataiambatanisha na barua ile ile yenye alama ya kuuliza, na kuipeleka kwa Balozi huko kwao. Alisema anaijua anwani, na kwamba mzee yule hujibu.

Mtu huyo ni wewe, dada. Hakuna mwingine. Najua ninakuomba nini. Umeshasimama kanisani, watu wamekula na kunywa kwako kwa furaha, na sasa usimame tena mbele ya watu wale wale useme kwamba hakuja. Wapo watakaosema ulishukuru bure. Usiwajali. Shukrani uliyompa Mungu iache hapo hapo, usiirudishe. Mungu haiweki kwenye faili akalifunga. Ila kwa wanadamu, nakusihi, usimshukuru mtu. Nimesikia kwamba wapo watu wa mapatano watakaopita vijijini mpaka huko Kongo kukusanya alama za vidole za familia zilizorudishiwa watu wao, ili kuzipeleka kwa wakubwa. Wakifika kwako na kidau cha wino, wakikwambia ni asante tu, wape maziwa wanywe, uwape na kiti, lakini kidole chako kisiguse wino huo. Katika nyumba yetu yote ni wewe tu ambaye bado unamdai Semahoro.

Nilipokuwa naye gerezani nilimwambia yote niliyokwambia hapa juu ya sherehe, isipokuwa habari ya ile barua, ambayo sikuwa naijua. Akacheka, dada, akasema babu alikuwa na bahati, yule tajiri alikuwa na macho. Hakunilaumu. Aliniomba kitu kimoja tu. Alijua kutoka kwangu, nami kutoka kwa Gasore, kwamba umefagia nyumba yake na unamngoja. Akaniomba nikuandikie kwamba yuko njiani, kwamba gari limeharibika mahali, kwamba karatasi za mpakani zinachelewa, chochote, ili usiipoteze furaha uliyo nayo. Alisisitiza sana, alishika wavu kwa vidole vyote.

Nilimkatalia. Nilimwambia kwamba nimeshamsemea ametoka mara moja, sitamsemea tena. Lakini tangu niketi kuandika nimejaribiwa mara tatu kumtii, na mara zote tatu nimekuona unavyotazama njia ya Uvira.

Nisalimie wazee wote wa kanisa, na majirani walioshangilia nawe, na wale watakaokuja kukufariji. Uwizeye anasema usiache kupaka mguu wako dawa ile ya majani. Kantengwa, asante, yaani, umefanya kazi ngumu. Mshike mama mkono sasa.

Semahoro anakusalimu. Yuko ndani, ni mzima, na hajui lini.

Ni mimi mdogo wako,
Nehemiya